Kwa nini mama anaokolewa kwenye kipigo, anafikishwa nyumba salama, halafu wiki mbili baadaye yuko kwa mume yuleyule?

#1 MtumbaMashariki
Mbukwenyi wanajukwaa. Swali langu ni hilo la kichwa cha uzi. Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum iko hapahapa Dodoma. Awamu ya kwanza ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ilikwenda 2017/18 hadi 2021/22, na ya pili imeanza 2024/25. Madawati ya jinsia yapo vituoni, vituo vya Mkono kwa Mkono, vya huduma zote sehemu moja kwa waliofanyiwa ukatili, vipo hospitalini. Kwenye karatasi njia imenyooka. Lakini mama anafika, analala usiku nane au kumi, anafunga mizigo, anarudi Chamwino, Bahi au Chemba. Tatizo ni nyumba, ni mama, au ni sisi tunaompeleka? Naomba waliomo kwenye kazi hii wajibu kwa undani.

#2 Karani77
Angalia kalenda kwanza. Mvua ya Dodoma ni moja tu, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Uwele na mtama vikishaota, palizi ya kwanza ni wiki ya pili au ya tatu, na haisubiri mtu. Mama akiingia nyumba salama katikati ya Januari na kukaa siku thelathini, akitoka anakuta shamba limemezwa na magugu. Chakula cha watoto cha mwaka mzima kilikuwa humo. Ameondoka kwenye kipigo akaingia kwenye njaa, na njaa ina tarehe inayojulikana. Ndiyo maana anarudi. Tena akirudi anakwenda shambani kwanza, kwa mume ni baadaye.

#3 WakiliMtaani
#2 ni kweli lakini ni nusu tu. Nusu nyingine ni kwamba akitoka getini hana karatasi yoyote inayomzuia mume kumfuata. Tanzania hatuna sheria mahsusi ya ukatili wa majumbani, hivyo mama hawezi kwenda mahakamani asubuhi akatoka na amri ya ulinzi peke yake. Kilichopo ni kifungu cha 139 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumsumbua mwenzi wake, ila shauri la ndoa liwe linaendelea, au amri ya talaka, kutengana au kubatilisha ndoa iwe imeshatolewa. Na ili ufungue shauri la talaka, kifungu cha 101 kinataka upite kwanza baraza la usuluhishi la ndoa. Mama yuko mafichoni, halafu sheria inamtaka akakae meza moja na aliyemvunja mkono.

#4 Kinyasi
Wakuu, mbona serikali isijenge nyumba yake kubwa hapa Dodoma? Si wameshajenga ile ya Kikombo? Waongeze vyumba tu, akina mama waingie.

#5 Mlezi_Usiku
Kinyasi, Kikombo ni Makao ya Taifa ya Watoto. Si ya wanawake, na huwezi kuchanganya. Sukamahela kule Manyoni nayo ni ya wazee. Nyumba salama za wanawake nchini kwa sehemu kubwa zinaendeshwa na mashirika na taasisi za dini. Serikali inatoa mwongozo, inasajili, inakagua, na inapeleka watu kupitia afisa ustawi wa jamii na polisi. Ndugu zetu wa Mara wamezoea utaratibu huu siku nyingi, Masanga kule Tarime na Mugumu kule Serengeti, hasa kwa mabinti wanaokimbia msimu wa ukeketaji. Huku kanda ya kati vitanda ni vichache kuliko jina la makao makuu linavyodai.

Sasa nieleze kuingia kunavyokuwa, maana wengi wanadhani ni kugonga mlango. Mama hafiki mwenyewe. Anaanzia dawati la jinsia au kwa afisa ustawi, anaandikiwa barua ya rufaa yenye namba ya RB, yaani namba ya taarifa polisi, kama polisi wameshafungua jalada. Akifika, mlezi wa zamu anampa maji na chakula kabla ya maswali. Tunaanza kuandika akishatulia: jina, watoto na umri wao, majeraha yanayoonekana, dawa anazotumia, nani anajua yupo wapi. Anasaini fomu ya ridhaa. Asiyejua kusoma anasomewa kwa sauti ndipo aweke dole gumba. Simu inazimwa na laini inatolewa mbele yake, inafungwa kwenye bahasha yenye saini yake. Dakika arobaini kama hakuna majeruhi.

Kinachoharibika hapo ni barua ya rufaa. Nyingi zimeandikwa mstari mmoja: "Mpokee mtajwa hapo juu kwa hifadhi." Haisemi mume anafanya kazi gani, ana silaha au hana, watoto wangapi wamebaki nyuma. Mlezi anapokea fumbo. Siku ya tatu mama anaanza kulia kwamba kuna kichanga kimebaki kwa bibi mzaa mume. Siku ya tano hayupo.

#6 MamaAlizeti
Hiyo ya kichanga umenena, mlezi. Mama hawezi kukaa sehemu iliyo salama wakati kitoto chake kiko kwenye hatari ileile. Mkimchukua mama bila watoto, jueni mmemchukua kwa muda.

#7 WakiliMtaani
Na sheria hapo inambeba. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinaweka dhana kwamba mtoto chini ya miaka 7 akae na mama, isipokuwa kuwe na sababu ya kuona vinginevyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa afisa ustawi wajibu wa kumlinda mtoto aliye hatarini. Kwa hiyo afisa ustawi na askari wa dawati wanaweza kwenda kumchukua kichanga siku hiyohiyo. Wasichokuwa nacho ni gari.

#8 Kinyasi
Asante mlezi kwa kunisahihisha. Nina swali jingine: mama akipigwa au kubakwa usiku, aanze polisi kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, au aanze hospitali? Huku kijijini kila mtu anasema lake.

#9 Nesi_wa_Zamu
Hospitali. Damu inayotoka, fahamu iliyopotea, mimba, kubakwa: tiba kwanza, PF3 itafuata. Matibabu ya dharura hayasubiri fomu. Mhudumu akikataa, omba mganga mfawidhi. Kituo chenye Mkono kwa Mkono kina daktari, polisi na ustawi sehemu moja, hivyo fomu inajaziwa hapohapo.

Kwa aliyebakwa saa ndiyo kila kitu. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinaanza ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa. Zinamezwa siku 28 mfululizo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inafanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila saa inayopita. Fanya hesabu ya mtu wa Kondoa vijijini: tukio Ijumaa usiku, Jumamosi kikao cha ukoo, Jumapili kanisani au mapumziko, Jumatatu kwa mtendaji, Jumanne polisi. Saa 72 zimeisha Jumatatu usiku.

Asioge, asifue nguo. Na hapa naomba msome mara mbili: nguo ziwekwe kwenye bahasha ya kaki au gazeti safi, kila nguo peke yake, KAMWE zisiwekwe kwenye mfuko wa nailoni. Nailoni inashika unyevu, unyevu unaleta ukungu, ukungu unakula vinasaba. Kwa joto la Dodoma siku mbili zinatosha kuharibu sampuli ambayo Mkemia Mkuu wa Serikali angeitumia.

Nyumba salama nayo inaingia hapa. Mlezi ndiye anayesimamia zile siku 28. Dawa zinaleta kichefuchefu wiki ya kwanza, mama anaziacha. Zimezwe baada ya kula uji mzito, saa ileile kila siku, na mlezi aweke alama kwenye kadi.

#10 WakiliMtaani
Niongeze kwenye PF3. Daktari aandike kwa mwandiko unaosomeka, aeleze jeraha kwa urefu na upana, mahali lilipo na aina ya kitu kilichosababisha. "Maumivu ya mwili" haimfungi mtu. Mahakamani, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka mshtakiwa aambiwe haki yake ya kuomba daktari aitwe kuhojiwa. Ikisahaulika, PF3 inatolewa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa. Fomu imepigwa mhuri vizuri, lakini inaanguka kwa sentensi moja ambayo haikusemwa.

#11 Mzee_wa_Hombolo
Nawasoma tangu juu. Nisikilizeni na mimi. Ndoa ni ya koo mbili. Mke akipotea mwezi mzima bila koo kujua alipo, mnafungua vita. Wazee tungeitwa siku ya kwanza, mume angetozwa faini ya mbuzi, akakanywa mbele ya wajomba, na nyumba ingesimama. Mahari yetu ni ng'ombe, na ng'ombe hao wameshagawanywa kwa ndugu. Binti anarudi kwa sababu baba yake hawezi kuwarudisha. Hilo hamlisemi.

#12 WakiliMtaani
Shikamoo mzee. La mahari umeligusa penyewe. Mabinti wengi wanaambiwa na wazazi wao, "rudi, ng'ombe wameshaliwa." Lakini kisheria mahari haishiki ndoa wala haimfungi mke ndani ya nyumba. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinasema kutofuata mila za mahari hakuathiri uhalali wa ndoa. Na kifungu cha 66 kimekataza waziwazi mtu kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga.

Kuhusu usuluhishi nitakukubalia nusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano kwenye shambulio la kawaida na makosa ya binafsi yasiyo makubwa. Kofi moja linaweza kufika huko. Kubaka, kujeruhi vibaya na ukatili kwa mtoto haviko humo hata ukileta zizi zima la mbuzi.

#13 Mlezi_Usiku
Shikamoo mzee. Tatizo la faini ya mbuzi ni kwamba mbuzi anatoka kwenye zizi ambalo mama huyohuyo analichungia. Mume anakanywa, mke anapoteza mbuzi.

#14 Mzee_wa_Hombolo
Marahaba wanangu. Hilo la mbuzi sikuwahi kulitazama upande huo. Lakini la koo kufahamishwa bado nalisimamia. Si lazima wajue alipo. Waambiwe yu hai.

#15 Mlezi_Usiku
Hapo tuko pamoja. Askari wa dawati ndiye anayepaswa kumpigia mzazi mmoja ambaye mama mwenyewe amemchagua, kwa simu ya kituo, na kusema: yupo, ni mzima, msimtafute. Nyumba inayosahau simu hiyo inajiletea mahangaiko, maana ukoo unaanza kuulizia kwa bodaboda mmoja mmoja.

#16 Njiapanda
Hamjataja sababu inayonikera zaidi: siri inavuja. Mama anarudi kwa sababu ameshajulikana alipo na ameanza kutumiwa ujumbe.

Mianya naijua minne. Wa kwanza ni bodaboda wa kijiweni aliyemleta. Atumike usafiri wa polisi au ustawi, la sivyo ashushwe hospitalini au kituoni na kuchukuliwa upya. Wa pili ni simu ya mtoto mkubwa. Ya mama mmeizima, binti wa miaka 14 ana ya kwake ndani ya begi la shule na anamtumia shangazi picha. Wa tatu ni kibao. Kuna nyumba zinapakwa rangi na kuwekwa bango la mfadhili getini! Wa nne, ambao hauonekani kabisa, ni uhamisho wa shule.

#17 Mwalimu_Mpwapwa
Njiapanda amegusa penyewe. Kila mwanafunzi wa msingi ana namba ya PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Uhamisho unaanzishwa na shule anayotoka, na mwalimu mkuu wa huko lazima aone shule anayokwenda. Baba ni mjumbe wa kamati ya shule au anakunywa chai na mwalimu mkuu. Ndani ya siku mbili anajua mtoto yuko shule gani, na shule ikijulikana nyumba imejulikana.

Kinachofanya kazi: mtoto asihamishwe rasmi miezi ya mwanzo. Afisa ustawi anaandika barua kwa afisa elimu wa wilaya, mtoto anapokelewa kusoma kwa muda, namba yake inabaki shule ya zamani. Ugumu unakuja darasa la nne na la saba, kwa sababu ya usajili wa mitihani. Hapo afisa elimu mwenyewe lazima asimamie, na taarifa isiteremke chini ya meza yake.

#18 MtumbaMashariki
Ahsanteni sana. Nilidhani nitaletewa sababu moja, naona zinazidi kuongezeka. Mwalimu, hilo la PReM sijawahi kulisikia kwenye semina yoyote.

#19 Mnyaturu_Halisi
Mnasema mama na mume tu. Singida na Dodoma kuna kundi jingine linalohitaji hifadhi na halina miguu ya kukimbilia: vichanga. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 uliikuta Dodoma na asilimia 47 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliokeketwa, ya pili baada ya Manyara. Wa 2022 ukaikuta na asilimia 18, Singida 20. Watu wakashangilia. Lakini huku ngariba haji tena kwa ngoma, anaitwa mtoto akiwa na wiki chache, kwa kisingizio cha lawalawa. Mtoto ana muwasho au anakojoa kwa maumivu, bibi anasema ni lawalawa, dawa yake ni kukata.

Lawalawa ni maambukizi, ama fangasi ama ya njia ya mkojo. Yanatibika zahanati kwa dawa ya kupaka au ya kunywa, na yanazuilika kwa maji safi na kumkausha mtoto vizuri. Kanuni ya Adhabu inampa mkeketaji wa aliye chini ya miaka 18 kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15. Sasa mama anayekataa mwanawe akatwe anafukuzwa na mama mkwe. Huyo naye ni mhitaji wa nyumba salama, lakini mwilini hana jeraha, hivyo dawati linamwambia arudi akaelewane na mkwewe.

#20 Karani77
Mnyaturu, takwimu ya 15 hadi 49 haiwezi kuonyesha kichanga aliyekatwa mwaka huu. Ataonekana baada ya miaka kumi na tano. Asilimia 18 inaeleza ya zamani.

#21 Mnyaturu_Halisi
Kweli, ingawa utafiti huohuo unawauliza akina mama kuhusu binti zao wa miaka 0 hadi 14 pia. Shida ni kwamba unamuuliza mama ambaye akisema ndiyo amekiri kosa la jinai.

#22 Nesi_wa_Zamu
Kliniki ya mtoto ndiyo mahali pa kumwona. Anakuja chanjo wiki ya 6, ya 10, ya 14, na miezi 9. Nepi ifunguliwe kila mara, kwa kisingizio cha kuangalia upele. Ukikuta kidonda, mama usimkaripie, la sivyo hutamwona tena. Tibu, halafu piga ustawi. Raia yeyote anaweza pia kupiga 116, bure, kuhusu mtoto.

#23 MamaAlizeti
Narudi kwa Karani77 wa #2, bwana shamba wetu. Palizi umeieleza vizuri kweli, inaonekana jembe unalijua. Lakini umesahau mavuno. Alizeti inauzwa kuanzia Juni, na fedha ya alizeti ndiyo inayoleta ngumi: mume anauza gunia, mke anauliza, anapigwa. Akikimbilia nyumba salama Juni, magunia yote yanauzwa akiwa hayupo. Kwa hiyo anarudi kulinda magunia.

Mnaoendesha nyumba, siku ya kwanza andikeni orodha ya mali: ekari ngapi, gunia ngapi, mbuzi wangapi, bati ngapi, nani shahidi. Mtendaji wa kijiji aigongee mhuri. Karatasi hiyo moja inamtuliza mama kuliko mahubiri ya wiki nzima.

#24 WakiliMtaani
Na inamsaidia baadaye kwenye kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, mgawanyo wa mali. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kazi za nyumbani kuwa mchango. Nyumba ya ndoa yenyewe inalindwa na kifungu cha 59, mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke. Hata waliokaa tu bila kufunga ndoa wana pa kusimamia: kifungu cha 160, dhana ya ndoa baada ya miaka 2 ya kuishi pamoja na kujulikana hivyo.

Na nijisahihishe #3, niliishia njiani. Kifungu cha 101 hichohicho, kipengele (f), kinaiwezesha mahakama kuruka baraza pale hali isiyo ya kawaida inapofanya usuluhishi usiwezekane. Mama aliye nyumba salama kwa sababu ya kipigo ana hoja nzuri hapo. Afungue hata mahakama ya mwanzo, aambatanishe nakala ya PF3 na barua ya ustawi. Shauri likishafunguliwa, kile kifungu cha 139 kinapatikana. Wasaidizi wengi wa kisheria wanawarudisha akina mama barazani kwa mazoea tu.

#25 Kinyasi
Mbona tunaambiwa mke hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe? Si ndiyo maana kesi zinakufa?

#26 WakiliMtaani
Hapana. Sheria ya Ushahidi inalinda wanandoa kwa jumla, lakini ina mlango: mume akishtakiwa kwa kosa dhidi ya mkewe mwenyewe, mke ni shahidi halali na anaweza hata kulazimishwa. Pia mke "hafuti kesi". Kesi ni ya Jamhuri. Anachoweza kufanya ni kutotokea, na bila yeye upande wa mashtaka unakwama. Nyumba inayomlaza hadi siku ya ushahidi, na kumpeleka na kumrudisha, ndiyo inayoiokoa kesi.

#27 Mlezi_Usiku
Hadi siku ya ushahidi! Wakili, kesi inaahirishwa mara sita. Nani atamlisha?

Tupige hesabu hapa. Chukua nyumba ya wanawake 8 na watoto 12. Unga: mtu mzima nusu kilo kwa siku, mtoto robo. Ni kilo 4 na kilo 3, jumla 7 kwa siku, kilo 210 kwa mwezi. Maharage gramu 100 kwa kichwa, kilo 2 kwa siku, 60 kwa mwezi. Maji: lita 40 kwa mtu, maana kuna nepi na hedhi, jumla lita 800 kwa siku. Tenki la lita 5,000 linakwisha siku ya saba asubuhi. Mgao wa maji ukichelewa unanunua kwa boza, na boza likiingia getini dereva ameshapajua. Ndiyo maana nasema tenki ziwe mbili na valvu ya kujazia iwe nje ya ukuta. Kitu kidogo, fundi bomba anafanya kwa nusu siku, na wageni hawaingii ndani tena.

Walezi wawe wasiopungua watatu kwa zamu za kupokezana. Nyumba nyingi zina mmoja anayelala humohumo siku zote saba. Akichoka, anakuwa mkali. Mama aliyekimbia ukali anakutana na ukali mwingine. Ninaisimamia sababu hii hata kama haina kifungu.

#28 Njiapanda
Mlezi amesema kitu kikubwa. Sheria za ndani nazo: hakuna kutoka, hakuna simu, taa kuzimwa saa tatu. Mtu mzima mwenye watoto wanne anaona amefungwa yeye huku aliyempiga yuko kilabuni. Anachagua uhuru wenye hatari.

#29 Karani77
Basi afanye nini mchana kutwa humo ndani? Kufuma vikapu?

#30 MamaAlizeti
Vikapu ni vizuri kama kuna mnunuzi. Tuseme ukweli kuhusu mtaji. Mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake, nne ni za wanawake, inakwenda kwa kikundi cha watu watano na kuendelea, wenye makazi yanayotambulika na barua ya mtendaji. Mama aliye nyumba salama makazi yake ni siri. Hawezi kuandikwa hapa, na kule alikotoka kikundi chake kimemwondoa kwa kutohudhuria. Njia ninayoiona: halmashauri imtambue kwa barua ya afisa maendeleo ya jamii bila kutaja kata. Karatasi moja tu.

#31 Mzee_wa_Hombolo
Kuna zabibu. Hombolo, Mpunguzi, Makutupora, shamba la zabibu linavunwa mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti au Septemba. Kupogoa, kufunga na kuchuma ni vibarua vya wanawake, malipo ya siku. Mkulima hahitaji kujua mtu katoka wapi. Sisi wazee tunaweza kutaja mashamba yanayoaminika. Hilo nimelifikiria tangu lile la mbuzi.

#32 Mlezi_Usiku
Mzee, ubarikiwe. Ila wapelekwe wawili wawili, na si shamba lililo barabara ya kijijini kwake.

#33 MtumbaMashariki
Swali moja bado, nimeulizwa leo na afisa maendeleo wa kata. Mama ana mabinti wawili na kijana wa kiume wa miaka 13. Nyumba imekubali mama na mabinti, kijana imemkataa. Mama anasema bila huyo haendi popote.

#34 Mlezi_Usiku
Hiyo ni ya kila wiki. Nyumba nyingi zinaogopa kuchanganya vijana wa kiume na mabinti waliobakwa, na hofu hiyo ina msingi. Lakini kijana huyo akibaki ndiye atakayepigwa zamu ya mama. Nyumba ikiwa na chumba chenye mlango wa nje na choo chake, mama alale humo na wanawe wote, kijana asiingie bweni. Hicho ndicho chumba cha kwanza ambacho ningejenga kama ningepewa ramani.

#35 Mwalimu_Mpwapwa
Kama chumba hakipo, ziko familia za kuaminika. Ni kaya zilizopewa mafunzo na kuthibitishwa na ustawi kumpokea mtoto kwa muda. Afisa wa kata amuulize afisa ustawi wa wilaya orodha yake. Achague kaya isiyo na undugu na baba, iliyo umbali wa kutembea kutoka nyumba salama, na siku za kuonana na mama ziandikwe kwenye barua ya kumkabidhi, saa ya kuanza na ya kumaliza. Zisipoandikwa, wiki ya pili kila mtu anakuwa na udhuru.

#36 MtumbaMashariki
Nimempigia. Orodha ya wilaya ina kaya mbili, moja ni ya mjomba wa baba. Anakwenda kuiona ile nyingine kesho asubuhi. Mama ameomba kijana naye aende akaone kitanda chake kabla hajakubali.